Mwenye Duka, Mkorogo Wako ni Haramu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu kwa umbo lililo bora. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, leo hatusemi na wasichana. Wasichana wamekwisha semwa sana juu ya kujichubua. Leo twasema na wewe mwenye duka, unayepanga mkorogo rafu ya mbele, kisha adhana ikilia wafunga mlango na kuwahi safu ya kwanza.

Sisi watu wa Ikoma zebaki twaijua. Mkoa wetu wa Mara una wachimbaji wadogo wa dhahabu, nao huitumia kuikamata dhahabu mchangani. Hakuna mzazi mwenye akili atakayempaka mwanawe zebaki usoni. Basi baadhi ya sabuni na mafuta ya kung'arisha ngozi yana zebaki ndani yake. Hupenya mwilini, ikadhuru figo, na kwa mama mjamzito ikamfikia mtoto tumboni.

Tena iko haidrokwinoni, ambayo ikitumiwa muda mrefu huweza kuacha usoni mabaka meusi yasiyotoka kwa urahisi. Mtu kakimbia weusi wa Mungu, kaangukia weusi wa dukani. Tena ziko dawa kali za hospitali, kama klobetasoli, ambazo daktari humwandikia mgonjwa wa ngozi kwa muda maalumu. Wewe wamuuzia binti apake kila siku, ngozi ikakonda na kupasuka michirizi. Na mwenye choa ukampa hiyo hiyo. Mwasho ukatulia, choa kikazidi kuenea.

Utasema, "Mimi nauza kinachotakiwa." Hata muuza pombe husema hivyo. Uislamu umehalalisha biashara, haukuhalalisha kudhuru watu. Na serikali nayo ilikwisha kukataza vipodozi vyenye sumu kwa Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ya mwaka 2003, na tangu 2019 Shirika la Viwango ndilo lenye kuvisimamia. Basi huna hoja kwa Mungu, wala huna hoja kwa serikali.

Utasema, "Wanaume ndio wanaotaka weupe." Hapo umesema kweli, na aibu hiyo ni yetu sote. Twamsifu Bilali misikitini, kisha ikija habari ya posa twauliza kwanza, "Je, ni mweupe?" Sura ya Ar-Rum, aya ya 22, yatufunza kuwa tofauti za rangi zetu ni katika ishara za Mungu, na Mtume (S.A.W.) alifundisha kuwa mweupe hamzidi mweusi ila kwa ucha Mungu.

Wala hatusemi kutibu ngozi ni dhambi. La hasha! Mwenye upele au choa na aende zahanati. Kule Moshi, katika hospitali ya KCMC, hufundishwa waganga wa ngozi, na huko hutengenezwa mafuta ya kuwakinga na jua ndugu zetu wenye ualbino. Hiyo ndiyo kazi ya dawa: kulinda alichoumba Mungu.

Ewe mwenye duka, ziondoe chupa hizo kabla ya Ijumaa. Usimwuzie mwenzio kwa bei ya hasara. Mpelekee bwana afya. Mtaji utarudi, lakini uso wa binti wa watu ulioungua utasimama shahidi juu yako Siku ya Kiama.

Wabillahi tawfiq.