Sahani haivunjiki yenyewe



Juma hili tuongee juu ya mashini zinazocheza. Watoto wetu wanazijua: wanapigwa dama na telefone, wanacheka, wanaanza upya. Mwaka wa 1997 kompyuta iitwayo Deep Blue ilimshinda Garry Kasparov, bingwa wa dunia wa sataranji. Mwezi wa tatu 2016, kule Seoul, programu AlphaGo ilimshinda Lee Sedol katika mchezo wa Go, mara 4 kwa 1. Safari moja iliweka jiwe mahali ambapo wajuzi walidhani imekosea. Kumbe ilikuwa njia ya kushinda. Hakuna aliyeumia.

Lakini mwezi wa nane 2020, huko Marekani, programu nyingine ilishindana na rubani wa kweli wa ndege za vita, ikamshinda mara 5 kwa 0. Mapigano yalikuwa ya kwenye kompyuta tu. Hata hivyo tunaona njia inaelekea wapi: akili iliyofundwa mchezoni inatafutiwa kazi vitani.

Na vitani hakuna kuanza upya. Tarehe 29 mwezi wa nane 2021, mjini Kabul, droni ya Marekani ilipiga gari kwenye uwanja wa nyumba. Watu 10 wakafa, 7 kati yao watoto. Jeshi lilisema kwanza kwamba limezuia shambulio. Siku 19 baadaye likakiri kosa. Mwezi wa 12 likatangaza kwamba hakuna askari atakayeadhibiwa. Droni ile iliongozwa na watu. Kama watu wenyewe hawakujibu, mashini itakayojichagulia wa kupiga itajibu nini?

Nyumbani, mtoto akisema «sahani imevunjika yenyewe», hatukubali. Tunauliza: nani aliiweka pembeni ya meza? Nani alikutuma? Nani alikuwa akiangalia? Droni nayo ina aliyeitengeneza, aliyeinunua, aliyeituma na aliyetoa amri. Wote wana majina.

Jambo hili haliko mbali nasi. Mwezi wa 12 mwaka 2013, MONUSCO ilirusha kutoka Goma droni zisizo na silaha, za kuangalia tu. Leo, mashariki mwa nchi yetu, droni zenye silaha zimeingia vitani, na mama anayesikia mlio juu ya shamba hajui ni ya nani.

Basi kila kikundi kiwe na daftari. Jambo likitokea, tuandike siku, saa, mahali, majina ya walioumia na ya walioona. Vipande vilivyoanguka, watoto wasiviguse. Daftari tulifiche pahali salama, maana siku ya kuulizana itafika, na asiye na maandishi ataambiwa kwamba sahani ilivunjika yenyewe.