MACHO YA MFANYA KAZI NA UTAFITI WA VYUO

Neno la Mhariri



Wako watu wasemao kwamba utafiti wa vyuo vikuu haumhusu mtu wa koleo na spana. Sisi watu wa reli yatupasa kuwa wa kwanza kulikataa neno hilo.

Mwezi wa Novemba 1875 magari ya moshi mawili yaligongana huko Lagerlunda, nchi ya Sweden, watu 9 wakafa. Frithiof Holmgren, profesa wa Chuo Kikuu cha Uppsala, alishuku kuwa mmoja wa wafanya kazi hakuweza kupambanua taa nyekundu na ya kijani. Akawapa watu wa reli nyuzi za sufu za rangi nyingi, wachague zinazofanana. Wasioona rangi wakajulikana. Wataalamu wa siku hizi wanabishana kama ajali ile kweli ilitokana na macho, lakini kupima rangi kulienea katika reli za nchi nyingi.

Basi tazameni upande wa pili. Kipimo kile kiliuliza swali moja tu: nani asiachiwe kazi? Ndiyo maana mpaka leo mtu akifika miaka 40, maandishi ya karibu yakaanza kumpotea, huficha. Anadhani akipimwa ataandikiwa barua ya kuachishwa.

Utafiti mwingine umeuliza swali jema zaidi: nani asaidiwe? Huko Assam, nchi ya India, wachuma chai 751 wenye miaka 40 na zaidi waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipewa miwani ya kuonea karibu, la pili likangoja. Matokeo yalitolewa 2018: waliopewa miwani waliongeza mavuno yao kwa karibu kilo 5 kwa siku kuliko wenzao. Ndugu zetu wanaochuma chai kule juu Manyatta na Runyenjes, wakilipwa kwa kilo, wanajua kilo 5 ni nini.

Hapa Kenya pia, Dkt. Hillary Rono wa Kitale na wenzake walifanya utafiti katika shule 50 za Trans Nzoia. Nusu ya shule, walimu walipima watoto kwa simu, na wazazi wakaonyeshwa picha ya jinsi mtoto wao anavyoona, kisha wakakumbushwa kwa ujumbe wa simu. Watoto 54 katika kila 100 waliokutwa na shida walifika hospitali. Katika shule nyingine, ambako walitumia kadi ya zamani na barua, walifika 22 tu. Bila utafiti tungesema wazazi ni wazembe, kumbe njia ya kuwaambia ndiyo iliyokuwa mbovu.

Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, Kakamega, kinafundisha shahada ya kupima macho. Mwanafunzi anayekariri vitabu vya ng'ambo tu atajua kuuza miwani. Aliyefundishwa kutafiti atauliza moto wa kulehemu, vumbi la kokoto na taa hafifu ya karakana vinayafanyia nini macho ya watu wetu. Kwa hiyo twataka haya:

1. Wanafunzi hao waje kutafiti kazini: karakana, mashamba ya chai, machimbo ya mawe. Embu kuna chuo kikuu na hospitali kubwa. Washirikiane.

2. Matokeo ya mtu yawe siri yake. Katika utafiti, mwajiri apewe hesabu ya wote, asipewe majina.

3. Majibu yaletwe kwetu, yasomwe kwa Kiswahili mkutanoni.

4. Miwani ya kazi ilipwe na mwajiri. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka alinde afya ya watu wake kazini.

Hatusemi asiyeona ishara aendeshe gari la moshi. La, roho za abiria ni amana. Twasema apewe miwani kwanza. Ikiwa miwani haimfai, apewe kazi nyingine bila kupunguziwa mshahara. Hapo hakuna atakayeficha ugonjwa wake, na njia ya reli itakuwa salama zaidi kuliko ilivyo kwa vitisho.

Makatibu wa matawi, lizungumzeni jambo hili katika mkutano ujao, mtuletee maoni ya wanachama kwa maandishi.