Tusiiulize simu swali lenye jibu ndani yake



Nataka kutoa maoni yangu juu ya tabia inayozidi kuenea mijini na vijijini, nayo ni ya kuifanya simu kuwa mwamuzi wa kila ubishi. Siku hizi watu wakibishana juu ya dawa, mbolea au siasa, mmoja hutoa simu, huandika maneno machache katika Google, kisha huwaonyesha wenzake na kusema, "Mmeona? Imeandikwa." Ubishi huishia hapo.

Wananchi wengi hudhani kwamba mtambo huo wa kutafutia habari ni kama kamusi, ambayo kila aifunguaye hukuta maneno yale yale. Sivyo ulivyo. Mwaka 2005 kampuni ya Google ilianza kuwapangia majibu watumiaji waliojiandikisha kwake kwa kufuata mambo waliyoyatafuta siku za nyuma. Desemba 2009 utaratibu huo ulipanuliwa ukawagusa hata wasiojiandikisha. Mwaka 2011 Mmarekani Eli Pariser aliandika kitabu akionya kwamba kila mtu atazungushiwa ukuta wa habari zinazompendeza. Alieleza habari za marafiki zake wawili waliotafuta jina la kampuni ya mafuta ya BP mwaka 2010, wakati mafuta yalipomwagika katika Ghuba ya Mexico. Mmoja aliletewa habari za ajali hiyo, na mwingine akaletewa habari za kuwekeza fedha katika kampuni hiyo.

Ni haki kusema pia kwamba mwaka 2018 kampuni hiyo ilieleza kuwa majibu hutofautiana kidogo tu baina ya mtu na mtu, hasa kutokana na mahali alipo na alichokitafuta muda mfupi uliopita. Hata tukiikubali kauli hiyo, tatizo halijaondoka, maana ukuta mkubwa zaidi tunaujenga sisi wenyewe kwa maneno tunayoyaandika. Watafiti Eugina Leung na Oleg Urminsky walichapisha mwaka 2025 matokeo yanayoonyesha kwamba watu huandika maneno yanayoelemea upande wanaouamini tayari, na mtambo huwaletea yale yale waliyoyaomba. Walioletewa majibu mapana zaidi walikuwa tayari zaidi kubadili mawazo yao.

Nitoe mfano unaotuhusu sisi. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza miongoni mwa wanawake wa nchi yetu, na karibu wote wanaoipata huwa wameambukizwa virusi vya HPV. Tangu mwaka 2018 Serikali imekuwa ikiwachanja wasichana nchini kote, na mwaka 2024 ikaanza kutoa dozi moja kwa wenye umri wa miaka 9 hadi 14. Wengi wao ni wanafunzi wetu wa shule za msingi.

Mzazi aliyesikia uvumi kwamba chanjo hiyo huleta ugumba huandika katika simu yake, "chanjo ya wasichana inaleta ugumba". Mtambo haumuulizi ana wasiwasi gani, bali humtafutia penye maneno hayo. Atafungua video moja ya kutisha, na ikiisha ataletewa nyingine inayofanana nayo. Kesho yake atafika shuleni kutukataza binti yake asichanjwe, akisema amekwisha kufanya utafiti. Mzazi huyo si mjinga wala mkaidi. Anampenda mwanawe, tena amejitahidi kuuliza, ila swali lake lilikuwa na jibu tayari. Saratani hii kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20 kukua, hivyo atakayeumia ni binti ambaye hakuulizwa.

Wala tusiwacheke wazazi hao. Aandikaye "faida za chanjo" naye hajatafuta lolote, ameomba tu kuungwa mkono. Tofauti ni kwamba huyu amebahatika kuwa upande wenye ukweli.

Jambo hili halihitaji simu ili lifundishwe. Niliwahi kuligawa darasa langu la sita makundi mawili, yakaenda kwa wakulima wale wale wa kijijini. Kundi la kwanza liliuliza, "Kwa nini mbolea ya chumvichumvi inaharibu udongo?" Kundi la pili likauliza, "Kwa nini mbolea ya chumvichumvi inafaa?" Yalirudi na majibu yanayopingana, na kila kundi likaapa kwamba wazee ndivyo walivyosema. Hapo watoto walielewa.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, walimu tufundishe namna ya kuuliza, si namna ya kujibu peke yake. Pili, kila mwenye simu aandike swali lake mara mbili, kwa upande anaouamini na kwa upande asioupenda, atazame ni nani aliyeandika jibu, kisha amwone mhudumu wa zahanati. Tatu, wataalamu wetu wa afya waandike kwa Kiswahili chepesi, na wajibu hofu zile zile wananchi wanazoziandika katika simu zao. Maandishi ya Kiswahili katika intaneti bado ni machache, na penye pengo uvumi huingia.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Lakini kuuliza upande mmoja tu ni kujidanganya, na katika suala la chanjo tunawadanganya na watoto.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kilosa, Morogoro.