FM25: Kufuta sawa, kuwanyima watu msimu hapana

KUNA mechi inayoahirishwa na kuna mechi inayofutwa. Shabiki wa Simba na Yanga hahitaji kufundishwa tofauti hiyo. Machi 8, 2025 watu walishavaa jezi, wengine walishatoka mikoani na basi la usiku, halafu Kariakoo Dabi ikaahirishwa siku hiyohiyo. Makelele yalikuwa mengi kwelikweli. Lakini Juni 25 mpira ulichezwa, Yanga ikashinda 2-0, na makelele yakahamia kwenye mambo mengine. Mechi iliyoahirishwa ni deni, na deni lile lililipwa.

Mwezi mmoja kabla ya vurugu zile, Uingereza kulitokea jambo ambalo halikupata nafasi kubwa kwenye kurasa za michezo za huku, na lilistahili. Februari 6, 2025, siku ya Alhamisi, kampuni ya Sports Interactive ilitangaza kwamba Football Manager 25 haitatoka. Sio kwamba itachelewa. Imefutwa. Msimu mzima wa soka la dunia ukabaki bila toleo lake, na mpaka leo haujalipwa.

Kwa ambaye hajawahi kuugusa, huu sio ule mchezo wa kubonyeza vitufe kwenye kibanda cha gemu mtaani, unapiga chenga na kufunga bao la mbali. Football Manager hukimbizi mtu. Wewe ni kocha. Unasajili, unauza, unapanga kikosi, unagombana na bodi, unamtuliza straika anayetaka kuondoka, kisha unakaa benchi unaangalia vijana wako wakikuaibisha ugenini. Mtu anaweza kukaa na timu moja ya daraja la nne miezi sita ya maisha yake ya kweli, na akifukuzwa kazi anakosa usingizi. Hao ndio watu waliopewa taarifa ile.

Na hawakuanza jana. Ndugu wawili wa Kiingereza, Paul na Oliver Collyer, ndio waliouandika mchezo wa kwanza nyumbani kwao, ukatoka mwaka 1992 kwa jina la Championship Manager. Mwaka 2003 waliachana na kampuni ya Eidos iliyokuwa ikiuuza. Eidos wakabaki na jina, wao wakabaki na mchezo wenyewe. Wakahamia Sega, na mwishoni mwa 2004 likatoka toleo la kwanza la Football Manager. Tangu hapo kila mwaka lilitoka toleo jipya, bila kukosa. Toleo la 25 ndilo la kwanza kukosekana.

Haki iende kwa mwenyewe kwanza. Uamuzi wa kufuta ulikuwa sahihi.

Walikuwa wanahamia injini mpya, Unity, baada ya kuendesha mchezo kwa mitambo ileile miaka mingi. Walikuwa wanaingiza soka la wanawake kwa mara ya kwanza. Walishatangaza leseni kamili ya Ligi Kuu England, yaani jezi, nembo na picha za wachezaji, vitu ambavyo miaka yote havikuwepo rasmi. (Manchester United walifika mpaka mahakamani kuhusu jina lao, na kuanzia toleo la 2022 wakawa wanaonekana kama "Man UFC". Mashabiki wa Liverpool walicheka sana.) Mzigo ulikuwa mkubwa. Mchezo uliotakiwa Novemba 2024 ukasogezwa hadi Machi 2025, na ilipofika Februari wakakubali kwamba hata Machi haiwezekani. Tatizo walilolitaja zaidi ni mwonekano wa skrini na namna mchezaji anavyozunguka ndani ya mchezo. Miles Jacobson, bosi wa kampuni, baadaye aliieleza BBC kwamba alipoucheza wakati wa Krismasi aliona mapema tu kuwa mambo hayajakaa sawa.

Wangeweza kuuza hivyohivyo. Wapo waliofanya hivyo na mashabiki wa PES wanawajua. Septemba 2021 Konami walilizika jina la PES na kuleta eFootball 2022, mchezo ambao nyuso za wachezaji zilikuwa kichekesho cha dunia nzima na mpira wenyewe ulikuwa kama unachezwa kwenye matope. Konami wakaomba radhi baada ya watu kuumia. Sports Interactive waliomba radhi kabla, na waliokuwa wameweka oda mapema wakaahidiwa kurudishiwa pesa zao. Kwenye biashara ya gemu huo ni uungwana ambao hauonekani mara nyingi, na anayewatukana kwa hilo anawaonea.

Lawama inaanzia kwenye aya nyingine ya taarifa ileile. Kampuni ilisema haitaiboresha FM24 kwa kuingiza data za msimu wa 2024/25. Hakuna usajili mpya, hakuna makocha wapya, hakuna timu zilizopanda wala zilizoshuka. Sababu zilikuwa mbili. Ya kwanza, kazi hiyo ingewachukua watu wanaohitajika kwenye toleo linalofuata. Ya pili, masuala ya leseni.

Hapo ndipo walipokosea. Na kosa lenyewe linaonyesha kuwa waliowatengenezea watu mchezo huu kwa zaidi ya miaka 30 kuna jambo walilisahau kuhusu mchezo wao wenyewe.

Watu hawanunui Football Manager kwa sababu ya injini. Hakuna anayeitazama skrini ile yenye majedwali kama ya mhasibu na kusema inapendeza. Wananunua msimu. Kila mwaka wanalipa, karibu dola 60 kwa toleo la 24, ili wapate dunia ya soka kama ilivyo mwaka ule. Nani yuko wapi, nani kapandishwa kutoka timu ya vijana, kocha gani kapewa kibarua kigumu. Halafu waulize swali ambalo kila shabiki duniani huuliza akiwa na kikombe cha kahawa mkononi: hivi ingekuwa mimi?

Sasa tazama msimu wenyewe ulionyimwa watu. Jurgen Klopp ameondoka Liverpool, ameingia Arne Slot, dirisha lote la kiangazi mchezaji mpya aliyetua kikosini ni Federico Chiesa peke yake, na ubingwa wa England ukachukuliwa. Kylian Mbappe ameondoka PSG bure kwenda Real Madrid, watu wakasema Paris imekwisha, na Mei 31, 2025 mjini Munich PSG hiyohiyo ikaifunga Inter mabao 5-0 kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa. Ruben Amorim ametua Manchester United Novemba na mabeki wake watatu, akamaliza nafasi ya 15. Lamine Yamal ana miaka 17 na tayari ni bingwa wa Ulaya. Kama kuna msimu uliojaa maswali ya "ingekuwa mimi", ni ule. Shabiki wa United aliyeapa kwamba angemtupa nje yule mtu na mfumo wake ndani ya wiki mbili hakupewa timu ajaribu.

Atakayesema hayo ni mambo ya watoto aulize kwa watu wa mpira wenyewe. Mwaka 2008 Everton waliingia makubaliano ya kutumia data za mchezo huu kwenye kusaka wachezaji, timu ya Ligi Kuu England hiyo. Will Still, aliyekabidhiwa Reims ya Ufaransa mwaka 2022 akiwa na miaka 30, hajawahi kuficha kwamba mchezo huu ulimjengea hamu ya ukocha tangu utotoni. Hakuwa na leseni inayotakiwa, klabu ikawa inatozwa faini ya euro 25,000 kila mechi anayokaa benchi, na bado walimwacha kwa sababu alikuwa hafungiki.

Na yupo Tonton Zola Moukoko. Jina hili kwa mtu aliyecheza Championship Manager ya msimu wa 2001/02 ni kama jina la marehemu mpendwa. Moukoko alizaliwa Kinshasa, akakulia Sweden, akachukuliwa na Derby County akiwa kinda. Kwenye mchezo alikuwa kiungo wa ajabu, unamnunua kwa bei ya karanga, anakubebea makombe miaka kumi. Kwenye maisha ya kweli hakuwahi kuichezea timu ya kwanza ya Derby mechi ya ligi. Mwenzake Cherno Samba, mzaliwa wa Gambia aliyekuwa kinda wa Millwall, ndani ya mchezo alikuwa anafunga kila wiki. Nje, alicheza mpira wa kawaida tu na kufika timu ya taifa ya Gambia. Lakini mpaka leo wanaume wazima wakimuona Samba wanamshukuru kwa makombe ambayo hajui lini aliyachukua.

Ndiyo thamani ya kila toleo. Linahifadhi kile ambacho mpira uliamini kwamba kitatokea. Ligi zina kumbukumbu za matokeo, magazeti yana picha, ila mahali pekee panapoandikwa kwamba dogo fulani wa akiba wa Derby alitarajiwa kuwa mfalme ni humo. Msimu wa 2024/25 una Moukoko wake mahali fulani, na hakuna atakayemjua.

Hoja ya kampuni kuhusu watu wa kufanya kazi hiyo inachosha zaidi ukijua data zenyewe zinatoka wapi. Mchezo una mtandao wa watafiti zaidi ya 1,000 duniani, wengi wakiwa ni mashabiki wa kawaida wanaoijua timu yao ya mtaani kuliko skauti yeyote. Wanakaa majukwaani, wanaandika nani ana kasi, nani mguu wa kushoto ni wa kupandia ngazi tu. Na mchezo uliopangwa kutoka Novemba 2024 haukuwa unasubiri kutoka ukiwa hauna majina ya wachezaji. Leseni ni tatizo la kweli, mikataba ya ligi huwa ya msimu na msimu, sawa. Ila nyuma ya kampuni hii kuna Sega, sio duka la kona. Mtu aliyekulipa kila mwaka tangu 2004 unamtafutia mwanasheria wa kuliangalia jambo lake.

Kilichotokea baada ya hapo kinawaumbua. Mashabiki walifanya wenyewe. Watu wasiolipwa senti, wakitoka kazini na shuleni, waliingiza usajili mmoja mmoja kwenye FM24, wakabadilisha makocha, wakapandisha timu na kushusha nyingine, kisha wakaweka mafaili hayo bure mtandaoni. Walichoambiwa kuwa ni kazi kubwa mno kwa kampuni, walikifanya sebuleni.

Shabiki wa Bongo hilo halimshangazi hata kidogo, ameshalizoea. Kwa Afrika ligi iliyomo rasmi ya kufundisha ni ya Afrika Kusini. Anayetaka kuinoa Simba au Yanga kwenye kompyuta yake lazima atafute faili lililotengenezwa na shabiki mwenzake. Enzi za Mbwana Samatta pale Genk ungeweza kumkuta, umpe namba, ufunge naye Ulaya nzima. Timu aliyotokea ndiyo usingeweza kuinoa. Kwa hiyo kuachwa nje ya mchezo na kujiingiza kwa mlango wa uani ni jambo ambalo huku linajulikana. Safari hii waliachwa na wa Manchester na Milan pia.

FM26 ilitoka Novemba 4, 2025. Wanawake wamo, Ligi Kuu England imo na jezi zake halisi. Na malalamiko makubwa ya mashabiki yalikuwa nini? Skrini. Mambo yamefichwa, kubofya kumekuwa kwingi, taarifa iliyokuwa karibu imepelekwa mbali. Kitu kilekile kilichotajwa kama sababu ya kulifuta toleo lililotangulia, baada ya miezi tisa ya ziada, kikapokelewa kwa matusi. Hiyo haifanyi uamuzi wa Februari kuwa mbaya, pengine FM25 ingekuwa balaa zaidi. Inafanya tu ile hesabu ya kuwanyima watu msimu ili nguvu zote ziende mbele ionekane ya hasara pande zote mbili.

Bado hawajachelewa sana. Data za msimu ule hazihitaji injini mpya wala jezi za Ligi Kuu, na FM24 ina watu wanaoicheza hadi leo. Wangeweza kuyapitia mafaili ya mashabiki, kurekebisha yanayohitaji kurekebishwa, kuwalipa waliohangaika, na kuyaweka rasmi. Ligi ambazo leseni zake zinasumbua wangeziruka, wakaeleza wazi ni zipi.

Kwa sasa anayetaka kuinoa Liverpool ya Slot ya mwaka ule wa ubingwa hana duka la kuinunua. Anafungua FM24, anapakua faili la mtu asiyemjua hata kwa sura, anasubiri bando lisikate katikati, na baada ya dakika kadhaa Klopp ameondoka na Chiesa anatokea Anfield.