Zima Taa, Mwenzako Anatengeneza Melatonini

Ugomvi unaoongoza hosteli zetu si wa pasi wala wa sufuria iliyorudishwa na ukoko. Ni wa taa. Wiki tatu kabla ya UE, chumba cha watu wanne chenye wengine wawili wa kubebwa, mmoja anapiga msuli mpaka saa 9 usiku na watano wamejifunika shuka usoni. Ukimwomba azime, jibu ni lile lile: "Mwana, mimi sitaki kudisko." Na kwa kuwa hakuna anayetaka mwenzake adisko, tunanyamaza. Naona kunyamaza huko kunatugharimu, na sababu yangu si ya adabu, ni ya baiolojia.

Ndani ya ubongo kuna tezi ndogo kama punje ya mchele, inaitwa paineali. Giza likiingia, inaanza kumwaga homoni ya melatonini kwenye damu. Inapokea amri kutoka kwenye saa ya mwili, iliyoko humo humo ubongoni, na saa hiyo inapata habari kutoka machoni. Nyuma ya jicho zipo seli ambazo kazi yake kubwa ni kupima mwanga, si kuona picha, na kinachozishtua zaidi ni mwanga wa buluu. Ndio uliojaa kwenye simu yako na kwenye zile taa nyeupe za darini. Mwanga ukizifikia, tezi inapunguza kazi au inaacha kabisa.

Wengi wetu tunaijua melatonini kama dawa ya usingizi. Hapo ndipo tunapoipunja. Panya na popo, ambao usiku ndio muda wao wa kutoka kutafuta riziki, nao melatonini yao hupanda usiku. Kwa hiyo homoni hii haisemi "lala". Inasema "nje ni giza", halafu kila kiumbe kinafanya la kwake. Kondoo wa nchi za baridi, usiku unaporefuka, melatonini hukaa muda mrefu zaidi damuni na mwili unajua msimu wa kupandwa umefika, ili watoto wazaliwe majani yakichipua. Kuna mnyoo wa baharini, Platynereis, ambaye mabuu yake hupanda juu ya maji jioni kwa kupiga vinyweleo vyao. Usiku melatonini inavisimamisha vinyweleo kila baada ya muda, mabuu yanazama taratibu. Hata mimea inayo, na bakteria pia, ambako inasaidia kudhibiti kemikali kali za oksijeni zinazoharibu seli.

Jina lenyewe lina kisa. Aliyeitenga mwaka 1958 ni Aaron Lerner wa Chuo Kikuu cha Yale, daktari wa ngozi. Alikuwa anatafuta kitu cha kuwasaidia wenye mabaka meupe ya ngozi, akachambua tezi za ng'ombe kwa maelfu, akapata kitu kinachopausha ngozi ya chura. Kabla hujakimbilia duka la vipodozi: ya binadamu haipaushi.

Sasa turudi chumbani. Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti wa Marekani kwa watu 116 wenye umri wa miaka 18 hadi 30, yaani sisi. Walipokaa kwenye mwanga wa kawaida wa chumba kabla ya kulala, badala ya mwanga hafifu, muda wa melatonini mwilini ulifupika kwa karibu dakika 90. Hapo hatujagusa simu. Kope zikifumbwa hupunguza mwanga, kweli, lakini haziuzibi wote, na yule anayegeukageuka kitandani macho yanafunguka kila mara.

Ongeza na hili: kwa vijana, melatonini huchelewa kupanda kuliko kwa watoto na watu wazima. Mhadhara wa saa 1 asubuhi unatukuta mwili bado unadhani ni usiku. Tukiuchelewesha tena kwa taa, tunakwenda kusinzia kwenye viti vya mbele halafu tunamlaumu mwalimu kuwa anaboa.

Wapo wanaosema mtu akizidiwa anunue vidonge vya melatonini. Mwaka 2023, Marekani, walipimwa aina 25 za vidonge vya kutafuna. 22 kati yake kiasi kilichoandikwa hakikulingana na kilichomo, na kimoja hakikuwa na melatonini kabisa. Na hata kingekuwa safi, kwa nini ninunue kitu ambacho mwili wangu unatengeneza bure? Huku kwetu karibu na ikweta usiku ni kama saa 12 mwaka mzima. Dar es Salaam tofauti ya siku ndefu na fupi haifiki saa moja. Giza tunalo, tunalifukuza wenyewe.

Hoja ya mpiga msuli siipuuzi. Maktaba inafungwa mapema, na dada anayerudi kutoka vimbweta saa 7 usiku anapita njia isiyo na taa hata moja. Kumwambia "nenda kasome nje" ni rahisi kwa asiyepita njia hiyo. Tumekosea mahali pa kuweka mwanga: vyumbani umezidi, njiani haupo. Serikali ya wanafunzi, ambayo kila kampeni inatuahidi intaneti ya kasi, ibebe madai matatu mezani kwa uongozi wa chuo: ukumbi wa kujisomea wazi usiku kucha kipindi cha mitihani, taa kwenye njia ya kurudi hosteli, na taa ndogo kwa kila kitanda. Hayo yakisubiriwa, wenye vyumba tukae tukubaliane taa kubwa izimwe saa 6 usiku. Mwenye desa lisiloisha anunue taa ya kubana kwenye kitabu, yenye mwanga wa njano, aielekeze kwenye karatasi. Na wale wa kubebwa wahesabiwe kwenye kura, maana nao wana paineali.