Watoto wetu wapande jukwaani na lugha ya nyumbani

Vijana wenzangu, leo tuongelee Uskoti, kaskazini ya Uingereza. Kule kuna lugha inaitwa Kigaeli. Sheria ya elimu ya mwaka 1872 haikuipa nafasi yoyote shuleni, na kuna watoto walichapwa kwa kuiongea. Wazazi wengi wakaanza kuona haya, wakawapa watoto Kiingereza tu.

Mwaka 1985, baada ya wazazi kudai, madarasa ya shule ya msingi ya Kigaeli yakafunguliwa Glasgow na Inverness. Miaka ya kwanza mtoto anasoma kila kitu kwa Kigaeli, Kiingereza kinafuata. Na kila Oktoba kuna mashindano yanaitwa Mòd, yalianza 1892. Watoto wanapanda jukwaani, wanaimba kwaya na kughani mashairi mbele ya waamuzi. Wengi wao nyumbani wanaongea Kiingereza!

Sasa tuangalie kambini kwetu. Mtoto wa Kibembe au Kifuliru, bibi yake akimwita kwa lugha yao, anajibu Kiswahili. Hakuna aliyemchapa. Ni sisi tumenyamaza.

Sisemi tuache Kiswahili wala Kiingereza, vinatusaidia. Nasema Juni 20, Siku ya Wakimbizi, tusiwaachie wazee peke yao ngoma. Kila kundi la watoto liimbe wimbo mmoja wa lugha ya kwao, wazee ndio wawafundishe. Ndugu zetu wa mashirika, hiyo haiombi bajeti kubwa: tupeni tu nafasi kwenye ratiba.

Babu na bibi zetu bado tuko nao. Tuanze sasa.