Machozi ya Gesi, Machozi ya Stejini: Butere Girls Walikuwa Sawa Kukataa

Leo tuongee kuhusu kulia. Si ile ya kuachwa. Ile ya mwigizaji akiwa stejini.

Unakumbuka Aprili 10, 2025, pale Nakuru? Butere Girls walikuwa waigize Echoes of War, mchezo wa Cleophas Malala kuhusu vijana na watawala, kwa tamasha la kitaifa la drama. Korti ilikuwa ishasema waachwe waigize. Malala akashikwa na makarao. Raia na waandishi wa habari waliokuja kucheki wakapigwa gesi ya machozi. Wasichana kuingia ukumbini, hakuna watu. Wakaimba wimbo wa taifa, wakatoka.

Kuna wenye walisema, "Si wangeigiza tu waende nyumbani?" Zii. Huyo haelewi hii kazi.

Cheki, mwigizaji mkali hajiulizi, "Nitalia aje?" Anajiuliza: huyu mhusika anataka nini, na nani anamzuia? Halafu anapigania hiyo kitu kila sekunde. Machozi yakija, poa. Yasipokuja, pia poa. Hata kwa matanga, anayekumaliza si yule anapiga nduru. Ni yule mama anajikaza akipanga viti vya wageni.

Lakini hiyo ni nusu. Nusu ingine ni wewe uliyekaa pale. Ukicheka, anangoja umalize. Ukinyamaza, anajua amekushika, anapunguza sauti. Hisia inaenda ikirudi. Sasa viti tupu vitarudisha nini?

Na hapo ndio utajua nini huogopwa. Maneno ya mchezo unaweza kusoma peke yako kwa simu, ulale. Ukumbi mzima ukihisi kitu moja pamoja, hiyo ni ngori. Mwaka wa 1977 wakulima na wafanyakazi wa Kamirithu, Limuru, waliigiza Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Serikali ikaupiga marufuku, na kabla mwaka uishe Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa ndani bila kesi.

Kwa hivyo kama uko drama club hapo Kola, ama mnashuti vichekesho vya TikTok sokoni, wacha kujipaka vitunguu machoni. Jua mhusika wako anataka nini. Halafu tafuta watu wa kukuangalia, hata kama ni watano.